Kabla ya Kuiuza Mashine ya Marehemu



Twamshukuru Allah Subhanahu wa Taala, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, sallallahu alayhi wasallam, pamoja na aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wiki hii tumekusudia kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo litakaloonekana geni katika safu hii, nalo ni mashine ya kukerezea mbao na namna ya kuzitambua kasoro zake ndogo ndogo. Atakayetuvumilia hadi mwisho ataona kwamba hatukuiacha njia yetu ya kila wiki, kwani ndani yake mna mali ya yatima.

Tuliitwa nyumbani kwa marehemu mmoja aliyekuwa seremala, ili tushuhudie kuuzwa kwa vyombo vyake vya kazi. Alikuwa ameacha mke na watoto wanne, watatu kati yao hawajabaleghe. Eda ya mjane ilikuwa imekwisha, madeni ya marehemu yalikuwa yamelipwa, na kitu cha thamani kilichosalia bandani kilikuwa mashine yake ya kukerezea. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa amekwisha kufika na mizani yake. Aliieleza hali ya mashine kwa maneno machache: inapiga kelele, inatetemeka, beringi zimekufa, haifai ila kuuzwa kwa kilo. Waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali.

Hapo mjane, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Sheikh, nawe wasemaje?"

Tukamgeukia mwanawe mkubwa, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye tulimsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo. Tukamuuliza, "Mwanangu, mlipoiwasha ikatetemeka, ilikuwa na mti au ilikuwa tupu?"

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Maalim, ilikuwa na gogo la mwembe. Nilitaka kukereza bakuli."

"Na tupu hamkuijaribu?"

"Hatukuijaribu."

Tukamwomba mnunuzi atupe muda hadi sala ya alasiri, naye, Allah amjazi heri, akakubali, akaketi kwenye benchi. Twalitaja hili makusudi, ili msomaji asije akamdhania vibaya. Mtu yule alisema aliyoyasikia kwa masikio yake, na kelele kwa hakika ilikuwapo. Kosa lilikuwa letu sote tuliotaka kuhukumu kabla ya kuchunguza. Katika Suratul-Hujurat tumefundishwa kuihakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Na katika Suratun-Nisaa limekuja onyo kali kwa wenye kula mali ya yatima kwa dhuluma. Mali ya yatima hupotea kwa wizi, na vilevile hupotea kwa wakubwa waliokubali bei ya chuma kwa kitu ambacho si chuma tu.

Utotoni mwetu tulipitisha alasiri nyingi katika karakana ya mjomba, tukifagia maranda na kuitazama miguu ya vitanda ikitoka mviringo chini ya bobari. Kazi hii ni ya kale pwani yetu. Vijiti vilivyokerezwa vingalipo katika roshani za Mji wa Kale wa Mombasa, na miguu ya vitanda vya samadari ingalipo katika nyumba nyingi za wazee. Useremala nao una heshima yake: imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Nabii Zakariya, alayhis-salaam, alikuwa seremala. Kwa hivyo tulijua walau pa kuanzia.

Tuutaje kwanza umbo la mashine, ili hata asiyeijua atufuate. Juu ya meza yake kuna reli mbili za chuma. Kushoto kuna kichwa, ambamo shafti huzunguka na kuuzungusha mti. Kulia kuna mkia, unaosogezwa juu ya reli na kukazwa, nao una ncha inayoushikilia mti upande wa pili. Katikati kuna kiegemeo, ambapo fundi huilaza patasi yake. Mota huuzungusha mkanda, na mkanda huizungusha shafti kwa puli, ambazo mabaharia wetu wangaliziita kapi.

Jambo la kwanza lilikuwa usalama. Kabla ya kugusa chochote, plagi huchomolewa ukutani, wala haitoshi kuzima swichi. Sisi tulikuwa tumevaa kanzu, kwa hivyo tulisimama kando, na kijana ndiye aliyeshika kazi. Nguo yenye mikono mipana, kilemba chenye ncha inayoning'inia, mtandio na hata glavu, vyote havina mahali karibu na mashine hii. Shafti haimwachi mtu iliyekwisha mkamata nguo. Miwani ya kukinga macho ni lazima. Na vumbi la mbao si la kuvutwa puani, hasa la mvule, ambalo huwawasha watu wengi kifuani na ngozini.

Jambo la pili lilikuwa kutafuta kelele ilipo. Njia ya mafundi ni kuondoa kitu kimoja kimoja, kisha kusikiliza. Tulimwambia aondoe gogo, ausogeze mkia mbali, achomeke plagi, aiwashe mashine ikiwa tupu. Akaiwasha. Mtetemo ukapungua sana, na ile kelele kali ya kulia kama mlango wenye kutu ikatoweka kabisa. Kilichobaki kilikuwa mtetemo mdogo na sauti ya kugonga, tak, tak, tak.

Mnunuzi akainua kichwa kutoka benchini, wala hakusema neno.

Hapo tayari tulikwisha kujua mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya mtetemo ilitoka kwenye gogo, si kwenye mashine. Pili, kelele ile kali haikutoka kwenye beringi za kichwa, kwani shafti ilikuwa ikizunguka na kelele haikuwapo.

Tukaendelea. Plagi ikachomolewa, mkanda ukaondolewa kwenye puli, mota ikawashwa peke yake. Ikanguruma kwa utulivu. Kwa hivyo mota haikuwa na neno. Plagi ikachomolewa tena, na kijana akaizungusha shafti kwa mkono, polepole, kiganja kimeshika mwisho wake. Beringi iliyokufa hujulisha hali yake hapo: mkono huhisi mikwaruzo kama ya mchanga, au shafti hucheza ikisukumwa juu na chini. Hii ilizunguka laini, haikucheza. Basi beringi za kichwa zilikuwa hai.

Ilibaki njia ya katikati, yaani mkanda na puli. Tulipoushika mkanda tuliuona umekakamaa, una umbo la yai badala ya duara. Mashine ilikuwa imesimama tangu marehemu alipoanza kuugua hadi eda ilipokwisha, na mkanda wa mpira ukikaa muda mrefu umebanwa mahali pamoja hushika umbo lile. Mkanda wa namna hii ukizunguka hupiga kwa mpigo wa kurudia rudia, na mtu hudhani mashine imevunjika. Wakati mwingine hulegea wenyewe baada ya kuzunguka nusu saa. Ukiwa na nyufa, au uso wake umekuwa wa kung'aa kama kioo, hubadilishwa. Huu ulikuwa na nyufa.

Sauti ya kugonga nayo tuliipata kwenye puli ya mota. Kila puli ina skrubu ndogo ubavuni inayoibana kwenye shafti, na ya hii ilikuwa imelegea, puli ikicheza kidogo kila mzunguko. Kijana akaikaza kwa ufunguo mdogo. Kisha tukaweka ubao ulionyooka kwenye nyuso za puli mbili, tuone kama zimelingana, kwa maana puli zikipishana mkanda huliwa upande mmoja. Zikawa sawa. Mkanda ukikazwa, kidole gumba kikiubonyeza katikati, uingie kiasi cha sentimita moja. Ukilegea zaidi utateleza patasi inapouma mti, na ukikazwa kupita kiasi utazila beringi.

Sasa turudi kwenye gogo. Tulimuuliza kijana aliuweka mkanda kwenye daraja gani la puli. Akasema hakuugusa, aliukuta hivyo. Tulipotazama tukauona kwenye daraja la mwendo wa kasi kuliko yote. Kazi ya mwisho ya marehemu ilikuwa vijiti vyembamba vya kitanda cha mtoto, na vijiti vyembamba huhitaji kasi. Aliuacha mkanda pale, akaenda kulala, na hakurudi tena bandani. Kijana alinyamaza kwa muda, akaishika puli ile, nasi hatukumharakisha.

Kasi ya vijiti si kasi ya gogo. Mafundi wana hesabu yao: upana wa mti kwa inchi ukizidishwa na mizunguko ya shafti kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa kiti wenye upana wa inchi 3 waweza kuzungushwa mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, lakini bakuli la inchi 12 lisipite mara 500 hadi 750. Na gogo ambalo bado halijawa mviringo, lenye upande mzito na upande mwepesi, huanzwa kwa mwendo wa chini kabisa, hata kama hesabu inaruhusu zaidi. Ili kupata mwendo wa pole, mkanda huwekwa kwenye puli ndogo ya mota na puli kubwa ya shafti. Na kabla ya kuwasha, mti huzungushwa kwa mkono mzunguko mzima, kuhakikisha haugusi kiegemeo, kisha fundi husimama kando, asiwe mbele ya mti.

Mtetemo ulikuwa na sababu nyingine iliyokuwa chini ya miguu yetu. Mguu mmoja wa meza ya mashine haukuwa umekanyaga sakafu sawasawa. Karatasi ilipita chini yake bila kuguswa. Tukaingiza kabari ya mbao ngumu, tukakaza bolti za miguu yote, tukaweka juu ya ubao wa chini mfuko wa mchanga kuongeza uzito. Pima maji ikasema sawa.

Kijana akarudisha gogo, akausogeza mkia, akawasha kwa mwendo wa pole. Mashine ikatulia. Lakini kile kilio kikali kikarudi.

Mnunuzi akasema, "Hiyo ndiyo beringi niliyowaambia."

Naye alisema kweli. Ilikuwa beringi, ila si ya kichwa. Ilikuwa imo ndani ya ile ncha ya mkia inayozunguka pamoja na mti. Tulipozima na kuigusa, ilikuwa ya moto, na tulipoitikisa kwa vidole ilicheza. Ncha hii ni kipande kidogo, hutolewa kwa mkono na hununuliwa peke yake. Mnunuzi alisikia sawa, akakosea mahali tu, na kosa hilo la mahali ndilo lililokuwa likiibadilisha mashine kuwa chuma cha mizani. Kwa muda ule tulitia ncha ya kale isiyozunguka, iliyokuwa katika sanduku la marehemu, tukaipaka nta kidogo isiunguze mti.

Mambo mengine tuliyoyakuta yalikuwa ya kawaida, nayo twayataja kwa manufaa ya kila mwenye mashine kama hii.

Mkia ulikuwa ukirudi nyuma polepole wakati wa kazi, mti ukalegea. Sababu ilikuwa kutu na uchafu juu ya reli na chini ya mkia. Hewa yetu ya bahari haikisamehi chuma. Reli husuguliwa kwa msasa laini, hufutwa kwa kitambaa, kisha hupakwa nta na kusuguliwa hadi ikauke. Mafuta ya mashine yasiachwe juu ya reli, maana hukusanya vumbi na kuutia mti madoa. Mkia ukiendelea kuteleza, nati iliyo chini yake hukazwa robo mzunguko, kisha hujaribiwa.

Ncha za kichwa na mkia hukaa katika tundu lililo pana nje na jembamba ndani. Tundu hilo likiwa na vumbi, ncha haikai sawa, huteleza au huzunguka kwa kuyumba. Kitambaa safi kilichoviringishwa kwenye kijiti chatosha kulisafisha. Kisha mkia husogezwa hadi ncha yake ikutane na ncha ya kichwa. Zikipishana, kwanza hutafutwa maranda yaliyokwama chini ya kichwa au mkia, kabla ya kushika spana. Mara nyingi punje moja ya mbao ndiyo iliyopindisha yote.

Kiegemeo nacho kilikuwa na vijipengo vilivyochimbwa na patasi kwa miaka. Patasi ikipita hukwama kwenye kila pengo, na alama zake huonekana juu ya mti. Fundi mchanga hudhani mkono wake ni mbaya. Tupa laini iliyopitishwa kwa urefu, kisha nta ya mshumaa juu yake, huondoa tabu hiyo kwa dakika kumi.

Mota yataka tahadhari zaidi. Ikipata joto kupita kiasi, matundu yake ya hewa hutazamwa kama yamezibwa na vumbi la mbao, na waya wa kuongezea umeme hutazamwa usiwe mwembamba na mrefu. Ikinguruma bila kuzunguka, huzimwa mara moja, kwani huenda kapasita imekufa au swichi yake ya ndani imejaa vumbi. Kapasita huweza kubaki na umeme hata plagi ikichomolewa, kwa hivyo kazi hiyo ni ya fundi wa umeme. Na beringi za kichwa zikiharibika kweli, namba yake imeandikwa ubavuni, na kwa namba hiyo hutafutwa nyingine kama yake dukani.

Wasomaji wataona kwamba katika yote hayo hatukubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Abadilishaye mawili, mashine ikipona hajui ni dawa gani iliyoponya, na ikizidi hajui ni ipi iliyodhuru. Tena tulianza na yasiyogharimu kitu: sakafu, vumbi, skrubu, kasi. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Nasi twaongeza kwamba anayelitupa jembe kabla ya kulitazama mpini naye ana maswali ya kujibu, hasa likiwa ni jembe la watoto wa mwingine.

Alasiri ilipoadhiniwa tulikwenda kusali, na mnunuzi akasali nasi. Baada ya sala alisema mwenyewe kwamba bei ya kilo haifai tena. Akanunua mabati na misumeno iliyokatika, akaondoka kwa salama.

Palibaki suala la sheria, nalo tusilipite. Mashine ile si ya mwana mkubwa kwa kuwa tu yeye ndiye ajuaye kuitumia. Ni mali ya warithi wote: mke ana thumni yake, na watoto wana mafungu yao, pamoja na wale wadogo wasioweza kujisemea. Tuliwapa njia mbili. Ama mashine ikadiriwe thamani na fundi mwadilifu, ikiwa inafanya kazi kama ilivyo, na kijana aichukue katika fungu lake, akilipa kinachozidi kwa mapatano yaliyoandikwa. Ama ibaki ya wote, naye awe anailipia ujira, na hesabu ya wadogo iwekwe mbali. Wakichagua lolote, liandikwe na lishuhudiwe. Na panapozuka mzozo, mahakama ya kadhi ipo. Mjane na mwanawe wakachagua njia ya kwanza.

Twaona kwamba lau tungalitia saini asubuhi ile, hakuna ambaye angalitulaumu. Bei ilikuwa imetajwa, mashahidi walikuwapo, na kila mtu alikuwa ameridhika. Watoto watatu wangalikosa haki yao kwa ridhaa ya wakubwa wao, kwa sababu hakuna aliyeuliza kama mashine ilikuwa na mti au ilikuwa tupu. Twamwomba Allah atusamehe kwa mara nyingine ambazo hatukuuliza.

Juma lililofuata kijana alituletea salamu za mamake, akatueleza kwamba amekwisha kununua mkanda na ncha mpya. Lile gogo la mwembe limekuwa bakuli, ingawa upande mmoja ni mzito kidogo. Alitaka kujua namna ya kuunoa ukingo wa bobari ya babake. Tukamwambia aje nayo Jumamosi, baada ya darasa.

Allah amrehemu marehemu huyo na marehemu wetu wote, awahifadhi yatima wetu, na atujaalie kuwa walinzi waaminifu wa haki za wasioweza kujitetea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.